Kutafsiri na kuthibitisha dodoso la wagonjwa wa miguu na vifundo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wauguzi, wataalamu wa fiziotherapia, madaktari wa mifupa, wanafunzi wa uzamili na wafasiri wanaokabidhiwa dodoso la Kiingereza na kuambiwa, "Liweke kwa Kiswahili." Maswali yana namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwa jingine.

## Kabla ya kuanza

1. Dodoso la mgonjwa linapima nini ambacho daktari hakioni?

Picha ya eksirei inaweza kuonyesha mfupa umeunga vizuri huku mwenye mguu bado anashuka ngazi kwa kushikilia ukuta. Daktari anaona pembe ya kiungo, uvimbe na kovu. Kama mgonjwa anaweza kusimama jikoni mpaka ugali uive, au kama maumivu yanamwamsha usiku, anayejua ni yeye mwenyewe. Dodoso linaugeuza ushahidi wake kuwa namba, na namba hiyo inalinganishwa kabla na baada ya tiba.

Kipimo kilichozoeleka siku nyingi, AOFAS cha mwaka 1994, kinachanganya mambo mawili: alama nyingine zinatokana na anachosema mgonjwa, nyingine na anachokagua daktari. Hapa tunazungumzia madodoso ambayo majibu yote ni ya mgonjwa.

2. Nichague dodoso lipi?

Manne ndiyo yanayotajwa sana. FAOS lilitoka Sweden mwaka 2001, likiwa limejengwa juu ya dodoso la goti liitwalo KOOS. Lina maswali 42: maumivu 9, dalili nyingine 7, shughuli za kila siku 17, michezo na burudani 5, ubora wa maisha 4. FAAM, la Marekani mwaka 2005, lina maswali 21 ya shughuli za kila siku na 8 ya michezo. MOXFQ lilitungwa Uingereza mwaka 2006, kwanza kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kidole gumba cha mguu kilichopinda, nalo lina maswali 16 tu. FFI la mwaka 1991 lina maswali 23 na lilianzia kwa wagonjwa wa baridi yabisi.

Kama kliniki yako ina foleni ndefu na wengi watasomewa maswali, 42 ni mengi mno. Kufika swali la thelathini mgonjwa anajibu chochote ili aende zake, kwa hiyo hapo ningechukua MOXFQ. Lakini MOXFQ haliulizi habari za kukimbia wala kuruka. Ukiwa unatibu wachezaji waliotegua vifundo, litakuambia wamepona wiki kadhaa kabla hawajaweza kurudi uwanjani. Kwa hao chukua FAOS au FAAM.

3. Alama 100 ni nzuri au mbaya?

Inategemea dodoso, na kosa hili limeharibu majedwali mengi. Kwenye FAOS na FAAM, 100 maana yake mguu hauna tatizo. Kwenye MOXFQ na FFI, alama za juu ni hali mbaya. Andika mwelekeo huo juu ya fomu ya kukokotolea alama, si kwenye kumbukumbu za kichwa chako.

4. Lazima niombe ruhusa ya kutafsiri?

Ndiyo. FAOS hutumika bila malipo, ila hata hapo waandikie waliolitunga, maana ndio watakaokuambia kama kuna mwenzako ameshaanza toleo la Kiswahili. MOXFQ lina leseni, na inasimamiwa na Oxford University Innovation, kampuni ya Chuo Kikuu cha Oxford. Huruhusiwi kulitafsiri kwanza na kutafuta kibali baadaye.

Ruhusa ya mwenye dodoso haichukui nafasi ya kibali cha maadili ya utafiti (swali la 24).

5. Si nilitafsiri mwenyewe jioni moja, au niipe kompyuta kazi hiyo?

Utapata Kiswahili, dodoso bado. Kompyuta, na hata mfasiri mzuri anayefanya kazi peke yake, huleta sentensi zilizonyooka ambazo mgonjwa anazisoma bila kukwama na kuzielewa vingine. Makosa ya sarufi yanaonekana na kusahihishwa. Swali linaloeleweka vibaya halionekani, kwa sababu mgonjwa hujibu tu na jibu lake linaingia kwenye hesabu. Swali la 8 lina mfano mkubwa kuliko yote.

## Kutafsiri

6. Hatua zinazokubalika ni zipi?

Wengi hufuata mwongozo wa Beaton na wenzake wa mwaka 2000. Watu wawili wanatafsiri kwenda Kiswahili, kila mmoja kivyake. Tafsiri mbili zinakalishwa mezani na kuwa moja, na kila walipopishana panaandikwa. Wengine wawili, ambao hawajaliona dodoso la asili, wanairudisha tafsiri hiyo kwenye Kiingereza. Kamati inazipitia karatasi zote na kutoa toleo la majaribio, linalojaribiwa kwa watu 30 hadi 40. Kumbukumbu zote zinapelekwa kwa waliolitunga.

Hapo umemaliza kutafsiri. Uthibitishaji, unaoanza swali la 14, ni kazi nyingine.

7. Wafasiri wawe akina nani?

Kwa tafsiri ya kwenda Kiswahili, mmoja awe anajua mambo ya mifupa na viungo, mwingine asijue kabisa. Wa kwanza analinda maana ya kitabibu. Wa pili anaandika kama wanavyosema watu sokoni, na mara nyingi toleo lake ndilo linaloshinda, ingawa wenye stethoskopu hukubali kwa shingo upande.

Kwa tafsiri rejeshi, yaani ile ya kurudi kwenye Kiingereza, mwongozo unataka watu ambao Kiingereza ni lugha yao ya kwanza. Kwetu si rahisi kumpata mtu wa namna hiyo anayejua pia Kiswahili cha kina. Ukimtumia aliyekulia na kusomea kwenye Kiingereza, sema hivyo wazi kwenye ripoti. Usimtumie mtaalamu wa afya. Akiona "maumivu unaposimama wima" atakumbuka madodoso aliyoyasoma chuoni na kuandika Kiingereza kile kile cha asili. Tafsiri rejeshi itafanana na asili neno kwa neno, nawe utafurahi bila sababu.

8. Kiingereza kina neno lake, "foot", kwa sehemu ya chini ya kifundo. Sisi tuna "mguu" tu. Tufanyeje?

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na ningeshauri mkutano wa kwanza wa kamati ujadili neno hili peke yake.

"Mguu" unaanzia nyongani hadi kwenye kucha. Mzee mwenye goti bovu akiulizwa "Je, mguu wako unavimba?" atajibu ndiyo, naye amesema kweli. Ukikimbilia "unyayo", umeruka matope na kukanyaga moto: kwa wengi unyayo ni pale panapogusa ardhi. Mwenye maumivu juu ya mguu, pale kamba za kiatu zinapofungwa, atasema unyayo wake ni mzima. "Wayo" unaeleweka na waliosoma fasihi kuliko waliopanga foleni.

Kifundo nacho kina mambo yake. "Kifundo cha mguu" kinaeleweka sehemu nyingi, lakini wapo wanaosema "kiwiko cha mguu" au "fundo la mguu". Tena hospitalini Tanzania "mguu kifundo" ni ulemavu wa kuzaliwa nao, mtoto anapozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani. Mama aliyewahi kumpeleka mwanawe kufungwa plasta anaweza kudhani unauliza habari hiyo.

Njia inayofanya kazi ni kutotegemea neno peke yake. Weka mchoro wa mguu ukurasa wa kwanza, sehemu inayohusika ikiwa imetiwa kivuli, na chini yake sentensi moja: "Katika maswali haya, tukisema mguu tunamaanisha kuanzia kwenye kifundo kushuka hadi kwenye vidole." Anayemsomea mgonjwa aguse mguu wake mwenyewe anapoisoma. Kisha ndani ya maswali rudia "mguu au kifundo" bila kuchoka. Mwalimu wa insha angekata marudio hayo, ila mgonjwa anayahitaji.

9. Ngazi za majibu, kama "kidogo" na "wastani", zina ugumu gani?

Madodoso haya hutaka ngazi tano zinazopanda kwa hatua sawa. Kwa Kiswahili ncha mbili ni rahisi: "hakuna kabisa" na "kupita kiasi". Katikati ndipo pa kuteleza. "Wastani" ni neno la shuleni. Wengine hulisikia kama "kawaida", na maumivu ya kawaida kwao si tatizo. "Kiasi" ni gumu zaidi, kwani mtu akisema "inauma kiasi" huenda anamaanisha kidogo tu. Tena "sana" imetumika hadi imechakaa, ndiyo maana watu husema "sana sana" wanapotaka uwaamini.

Lijaribu hili kabla ya dodoso lenyewe. Andika kila neno kwenye kadi, zichanganye, mpe mgonjwa azipange kutoka maumivu madogo hadi makubwa. Kadi mbili zikibadilishana nafasi kwa watu kadhaa, moja itoke. Asiyesoma msomee, naye aziweke kwenye mstari uliochorwa chini.

10. "Wiki iliyopita" ina kosa gani?

Mgonjwa akija Alhamisi, "wiki iliyopita" kwake inaweza kuwa Jumatatu hadi Jumapili zilizokwisha, na siku hizi nne za karibuni zikaachwa. FAOS linataka siku saba za mwisho. Andika "katika siku saba zilizopita, hadi leo". Anayehoji aongeze: "Yaani tangu Alhamisi iliyopita." MOXFQ linauliza majuma manne, na huko tukio la kushikilia, kama mwisho wa mwezi au sikukuu, husaidia kuliko kuhesabu siku.

11. Wagonjwa wangu hawavai soksi wala hawana bafu la kuzama. Niyafute maswali hayo?

Usifute. Ukifuta swali, alama zako hazilinganishwi tena na za mtu mwingine. Jiulize swali linatafuta mwendo gani wa mwili, ubaki na mwendo, ubadili kitu. Kuvaa soksi ni kuinama hadi kufikia mguu na kuukunja. Kufunga kamba za viatu au kupitisha gidamu ya kandambili kunahitaji jambo hilo hilo. Kuingia kwenye bafu la kuzama ni kuinua mguu juu ya kizuizi na kuubebesha mwili ukiwa kwenye maji. Kizingiti cha bafu letu kinakaribia hapo. Gari libaki, ila taja daladala au matatu, na kumbuka kidaraja cha kupandia kiko juu kuliko mlango wa gari dogo. MOXFQ linauliza kama mgonjwa hupanda basi badala ya kutembea. Kijijini ambako hakuna basi, taja bodaboda au kubebwa kwa baiskeli.

Choo ni mfano mgumu zaidi. Swali la FAOS linafikiria choo cha kukaa. Choo cha kuchuchumaa kinataka kifundo kikunjwe karibu mwisho wake, kwa hiyo swali linakuwa gumu kuliko lilivyokusudiwa, na mgonjwa wa Kahama atapata alama ndogo kuliko wa Stockholm wenye vifundo vinavyolingana. Mimi ningeacha "kukaa au kuchuchumaa chooni na kuinuka", kisha ningeweka pembeni kisanduku cha aina ya choo, kisichohesabiwa kwenye alama, ili baadaye ijulikane tofauti imetoka wapi.

Kupiga magoti nako FAOS linakuweka kwenye michezo. Huku watu hupiga magoti kuswali, kupiga deki na, kwa Wasukuma au Waganda, kuamkia wakubwa. Mwislamu aliyeumia kifundo atakuambia kwamba kukaa tahiyatu, vidole vya mguu wa kulia vikiwa vimekunjwa chini, kunamtesa kuliko ngazi zote za hospitali. Usilipachike swali hilo ndani ya dodoso. Liulize mwishoni kama nyongeza yako, lina thamani yake huko.

Mgonjwa akisema jambo fulani halimhusu, FAAM lina kisanduku cha jibu hilo. FAOS na MOXFQ hayana. Soma mwongozo wake wa alama ujue ni maswali mangapi yanaweza kuachwa wazi kabla sehemu nzima haijabatilika.

12. Kuna mitego mingine ya lugha?

Swali la kukanusha. Ukiuliza "Je, huwezi kuchuchumaa?" Mswahili akijibu "Ndiyo" amekubali kwamba hawezi, na "Hapana" yake inaweza kwenda pande zote mbili. Uliza "Unapata ugumu kiasi gani kuchuchumaa?" na umemaliza.

Pia kuna dalili ambazo Kiingereza huziita kwa neno moja. Kukakamaa kwa kiungo asubuhi wengine huita "kukaza", wengine "kuganda", na wapo watakaosema "ganzi", ambayo ni jambo jingine kabisa. Kiungo kukwama wakati wa kusogea si sawa na kuteguka. Eleza kinachotokea ("kifundo kinanasa, hakisogei mpaka ukitikise") badala ya kutafuta neno la kamusi. Na "makali" kwa maumivu ni sawa, lakini "mguu mkali" haupo.

13. Majaribio ya uelewa yanafanywaje?

Mgonjwa hujaza, kisha unakaa naye na kupitia swali moja moja. Ukimuuliza "Umeelewa?" atasema ameelewa. Ni adabu, na wewe una koti jeupe. Muulize "Hapa tumekuuliza nini? Nieleze kwa maneno yako," na "Ulipoweka alama hapa, ulikuwa unakumbuka siku gani?" Tafuta wazee na vijana, waliosoma na wasiosoma, wa mjini na wa shamba. Watu 30 wote kutoka wodi moja ya hospitali ya rufaa watakupa picha ya wodi hiyo. Neno likibadilishwa baada ya majaribio, lijaribiwe tena kwa watu wapya.

## Kuthibitisha

14. Tafsiri imepita kila hatua. Kwa nini tena niithibitishe?

Kwa sababu mpaka hapa una maoni ya watu kuhusu maneno. Bado hujui kama namba zinazotoka zinakaa sawa mguu usipobadilika, zinasogea mguu unapobadilika, na zinakwenda pamoja na vitu vinavyopaswa kwenda navyo. Hayo matatu, uthabiti, mwitikio wa mabadiliko na uhalali, ndiyo mpangilio wa COSMIN, mwongozo wa kimataifa wa kukagua ubora wa madodoso, ambao majarida mengi sasa huulizia. Kwamba dodoso la asili lilithibitishwa Sweden hakukusaidii. Kilichothibitishwa ni majibu ya Waswidi.

15. Nahitaji wagonjwa wangapi?

Vigezo vya Terwee na wenzake vya mwaka 2007 hutaka angalau wagonjwa 50 kwa kurudia kipimo na 100 kwa kuona kama maswali ya sehemu moja yanashikamana. Ukitaka kuchambua muundo wa dodoso, COSMIN hupenda watu mara saba ya idadi ya maswali, wasipungue 100. Kwa FAOS nzima ni watu 294. Hapo wanafunzi wengi wa uzamili hugeuka na kuchagua dodoso fupi, na siwalaumu: kwa MOXFQ ni 112.

16. Alfa yangu ya Cronbach ni 0.97. Nifurahie?

Usiharakishe. Alfa hupima jinsi maswali ya sehemu moja yanavyoshikamana, na kati ya 0.70 na 0.95 ndipo panapotakiwa. Ikizidi hapo, huenda maswali yanarudia jambo lile lile. Inaweza pia kuwa dalili kwamba mgonjwa alichora mstari mmoja kutoka juu hadi chini bila kusoma. Pitia fomu zenyewe. Fomu yenye majibu 17 yaliyofanana kwenye shughuli za kila siku, kutoka kwa mtu aliyevunjika kifundo, haiaminiki.

17. Kurudia kipimo baada ya siku ngapi, na namba yake nitaisomaje?

Wiki moja hadi mbili. Mapema mno anakumbuka alichojibu, na ukichelewa mguu wenyewe unabadilika. Usichague walioanza tiba juzi. Wanaosubiri upasuaji au wenye tatizo la muda mrefu ndio wanaofaa. Siku ya kipimo cha pili uwaulize kwanza kama mguu uko vile vile. Nauli ya kurudi hospitali ni kikwazo halisi, na wengi hutaka kumpigia mgonjwa simu. Kama mara ya kwanza alijaza mwenyewe kwa karatasi, simu inaleta njia mpya ya kuuliza, na huwezi kutenganisha athari yake. Bora wote wahojiwe kwa mdomo mara zote mbili.

Kipimo cha ICC, kinachoonyesha majibu ya mara mbili yanavyolingana, kikifika 0.70 kinakubalika kwa kulinganisha makundi, lakini chenyewe hakimsaidii daktari aliyekaa na mgonjwa mmoja. Kokotoa kosa la kipimo: mtawanyiko wa alama (standard deviation) mara kipeuo cha pili cha 1 kutoa ICC. Mtawanyiko ukiwa 20 na ICC 0.90, kosa ni kama 6.3. Zidisha kwa 1.96 na kwa kipeuo cha pili cha 2, unapata 17.5. Maana yake, mgonjwa aliyepanda kutoka 50 hadi 60 huwezi kusema kwa uhakika amepata nafuu, ingawa ICC ilionekana nzuri. Kwa wastani wa kundi la watu 50 kiwango hicho hushuka hadi karibu 2.5. Namba hizi mbili zinastahili kuwa kwenye muhtasari wa makala, na mara nyingi hazimo kabisa.

18. Nililinganishe dodoso langu na nini?

Na kitu ambacho tayari kipo kwa Kiswahili. SF-36, dodoso la afya kwa jumla, ina toleo la Kiswahili lililotafsiriwa na kupimwa Tanzania, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1999. Kabla ya kufungua data, andika unachotarajia: kwa mfano, shughuli za kila siku za FAOS ziendane zaidi na utendaji wa mwili kuliko afya ya akili, na uhusiano uwe wa nguvu kiasi fulani. Kigezo ni angalau asilimia 75 ya matarajio yatimie. Ukiyaandika baada ya kuona namba, yote yatatimia, wala hayatakuwa na maana. Kwa MOXFQ uhusiano utakuwa hasi, kwa sababu iliyoelezwa swali la 3.

19. Sakafu na dari ni nini?

Zaidi ya asilimia 15 ya wagonjwa wakipata alama ya chini kabisa au ya juu kabisa, dodoso limewaishia njiani: waliobaki na nafasi ya kuzidi kuumwa, au kuzidi kupona, hawaonekani tena. Sehemu ya michezo hugusa sakafu kwa wazee, na hilo halishangazi.

20. Naweza kuazima kiwango cha nafuu kilichopatikana nje?

Waliotunga FAAM walitoa pointi 8 kwa shughuli za kila siku na 9 kwa michezo kuwa mabadiliko madogo yenye maana. Yatumie kama kianzio, si kama sheria. Pima wagonjwa wako kabla na baada ya tiba, uwaulize pia swali moja la jumla: mguu umekuwa afadhali, vile vile, au umezidi kuwa mbaya? Tazama waliosema "afadhali kidogo" walisogea pointi ngapi. Kisha linganisha na kosa la kipimo la swali la 17. Kama nafuu ni ndogo kuliko kosa, dodoso halijafaa kumfuatilia mtu mmoja mmoja.

## Hali zisizo za kawaida

21. Mgonjwa hajui kusoma, au ana miguu mibovu yote miwili.

Asiyesoma asomewe, na si na daktari aliyempasua. Mgonjwa gani atamwambia daktari wake usoni kwamba kazi yake haikufaa? Mjukuu aliyemsindikiza naye asijibu kwa niaba yake, hata akisema "bibi huwa hivyo hivyo". Ripoti ni wangapi walisomewa, na ulinganishe alama zao na za waliojaza wenyewe.

Miguu ikiwa miwili, chagua mmoja tangu mwanzo, kwa kawaida ule unaotibiwa, au ujaze fomu mbili. Ila watu wawili wenye fomu nne bado ni watu wawili kwenye hesabu.

22. Linafaa kwa mguu wa kisukari?

Kwa uangalifu mkubwa. Kisukari kikiua mishipa ya fahamu, mguu unakufa ganzi, na mgonjwa anaweza kutembea juu ya msumari bila habari. Atajibu "hakuna maumivu kabisa", na sehemu ya maumivu ya FAOS itampa 100 huku kidonda kikielekea kwenye mfupa. Alama hiyo ni sahihi kwa swali lililoulizwa na ni hatari kwa anayeisoma. Wachambue wagonjwa hawa peke yao, na kabla ya kuwapa fomu wavue viatu.

23. Na watoto? Na Waswahili wa nchi nyingine?

Madodoso yaliyotajwa hapa ni ya watu wazima. Kwa watoto wa miaka 5 hadi 16 kuna dodoso la Oxford la kifundo na mguu, lenye fomu ya mtoto na ya mzazi, nalo linahitaji safari yake yenyewe ya tafsiri.

Toleo la Dar es Salaam linaweza kusomeka Mombasa, lakini kusomeka si kuthibitishwa. Wakenya wengi watasema "hojaji", na kandambili zenu huenda wakaziita kwa jina jingine. Fanya walau majaribio ya uelewa upya (swali la 13). Kwa Kiswahili cha Lubumbashi, chenye maneno mengi ya Kifaransa na sarufi yake, usijidanganye kwa kurekebisha maneno machache: anza tangu tafsiri ya kwanza.

24. Vibali na usiri wa data vikoje?

Tanzania Bara NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, ndiyo yenye kamati ya taifa ya maadili ya utafiti wa afya, na Zanzibar ina kamati yake. Kenya utahitaji kibali cha kamati ya maadili iliyoidhinishwa na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu. Data za afya zinalindwa na sheria: ya Kenya ni ya mwaka 2019, ya Tanzania 2022. Namba ya simu uliyoichukua ili kumkumbusha mgonjwa kurudi isikae faili moja na majibu yake. Vibali huchukua muda kuliko tafsiri, kwa hiyo anza navyo.

25. Nimegundua kosa kwenye swali moja baada ya kukusanya fomu 80. Nianze upya?

Inategemea kosa. Kosa la tahajia lisilobadilisha maana lisahihishe, uandike tarehe ya mabadiliko, uendelee. Kama ngazi ya jibu imerukwa, au "mguu wa kulia" umeandikwa mahali pa "mguu wenye tatizo", fomu hizo 80 haziwezi kuchanganywa na zijazo kwa sehemu hiyo. Unaweza kubaki nazo kwa sehemu nyingine, kwani kila sehemu ina alama yake.

Usirekebishe kimya kimya na kuzijumlisha zote. Toleo jipya lipewe namba, ichapishwe chini ya kila ukurasa wa fomu, na fomu za zamani zilizobaki kabatini zichanwe siku hiyo hiyo, kabla muuguzi wa zamu ya usiku hajaishiwa karatasi akazitoa.